Kilabu cha Zamani na Mwenyewe Mpya

Mtu akikuambia ameachiwa shamba utamuuliza ni ekari ngapi. Akikuambia ameachiwa mtumbwi utamuuliza kama unavuja. Lakini akikuambia kwamba ameachiwa kilabu cha pombe, aghalabu utacheka kwanza. Halafu utamtazama kwa huruma au kwa wivu, kutegemea wewe mwenyewe ni mtu wa namna gani. Swali lenye maana hulisikii likiulizwa: je, ameachiwa nini hasa?

Leo naomba tuliulize swali hilo kwa makini. Wala asiyekunywa asizime redio yake. Sikuja hapa kumsifu mlevi, wala sikuja kumhubiria. Nimekuja na habari ya historia, na ya haki pia, maana kilabu cha pombe katika nchi yetu ni mlango ambao kila serikali iliyopita imepiga hodi, na kila iliyopiga hodi ilikuwa na kitu inachokitaka.

Ili tusizungumze hewani, twende Kibirizi. Kibirizi iko kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mgeni hulakiwa na harufu kabla ya kulakiwa na watu: harufu ya dagaa waliotandazwa juani. Hapo ndipo zinapong'oa nanga boti za mbao ziendazo kaskazini, Gombe na Kagunga hadi karibu na mpaka wa Burundi, zikiwa zimejaa abiria, magunia, kuku na madumu. Ni mahali pa kupita na pa kusubiri. Na popote duniani ambapo watu hupita na kusubiri, hapakosi mtu wa kuwauzia chakula, wala hapakosi mtu wa kuwauzia kinywaji.

Tuseme basi, kwa mfano tu, kwamba hapo yupo mama mtu mzima aliyepika na kuuza pombe kwa miaka thelathini. Sasa macho yamepungua nguvu na kiuno hakikubali tena kuinama juu ya pipa. Anamwita mtoto wa kaka yake, anamwambia: "Baba, kilabu hiki chukua wewe." Kijana anashtuka: "Shangazi, mimi habari za pombe nazijulia wapi?" Mama anamjibu kwamba atajifunza, kama yeye alivyojifunza.

Kijana yule akitazama ataona nini? Ataona mabenchi ya mbao, mapipa, makopo, paa la bati lenye kutu na mwembe uani. Akipiga hesabu za vitu hivyo havitafika mbali. Akidhani hivyo ndivyo alivyoachiwa, ataharibikiwa kabla ya mwaka kwisha.

Kule Uingereza baa ya shamba inayoitwa ya kihistoria ina kuta za mawe, ina ubao wenye jina juu ya mlango, na pengine ina orodha ya watu walioiendesha tangu miaka mia tatu iliyopita. Mtu akiichukua anajua kwamba anachukua historia, kwa sababu historia yenyewe imepigiliwa misumari ukutani. Kilabu chetu hakina hayo. Udongo wake hukandikwa upya masika yakipita, nyasi zake huoza, bati zake hutoboka. Ukiitafuta historia ndani ya jengo hutaiona. Lakini muulize mzee wa mahali hapo kwamba pombe enzi za baba yake iliuzwa wapi. Hatakuonyesha jengo. Atakuonyesha mti.

Na historia hiyo si fupi. Burton na Speke walifika Ujiji mwezi Februari mwaka 1858, wakaikuta bandari ya misafara, ya watumwa na pembe za ndovu, iliyokuwa imeshazoea wageni. Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, alifika mwaka 1874 akaueleza soko lake la asubuhi. Anasimulia viazi, ndizi, matunda ya michikichi, tumbaku, nyanya, vyungu, na pamoja na hivyo vibuyu vikubwa vya pombe na vya tembo la mchikichi. Fedha ya soko ilikuwa shanga zilizoitwa sofi, zenye umbo la vipande vya mrija wa kiko. Mnunuzi alizipata kwa wabadilishaji soko lilipofunguliwa, na muuzaji alizibadilisha tena lilipokuwa linafungwa.

Tuitazame picha hiyo vizuri. Katika vijiji vya bara, pombe kwa asili haikuwa bidhaa ya dukani. Ilikuwa ujira wa majirani waliokuja kukusaidia kulima. Ilikuwa sehemu ya mahari. Ilikuwa sahihi ya mkataba kabla ya karatasi. Kwa majirani zetu wa Burundi, ambao lugha yao na ya Waha ni ndugu, pombe ya ndizi huitwa urwarwa na ya mtama huitwa impeke, na shughuli ya maana bila mtungi mmoja uliozungukwa na watu wenye mirija ilionekana haijakamilika. Aliyekunywa nawe alikuwa shahidi wako.

Lakini Ujiji haikuwa kijiji cha namna hiyo. Ilikuwa mji wa wapita njia. Mpagazi aliyetoka Tabora hakuwa na shamba pale la kuwaalikia majirani, wala hakuwa na shangazi wa kumpikia. Alikuwa na shanga zake na kiu yake. Kwa hiyo pombe ikatoka uani, ikaenda sokoni, ikapata bei. Siku ilipopata bei, mama aliyeipika alipata kitu ambacho hakukuwa nacho kabla: kipato chake mwenyewe. Na siku hiyo hiyo wengine nao wakaanza kukitazama kipato hicho.

Hapa hapana budi niseme neno kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu wengi wetu wa mjini tunaijua pombe kuanzia kwenye kopo. Pombe ya mtama huanza siku nyingi kabla. Nafaka hulowekwa, hufunikwa hadi ichipue, huanikwa, husagwa ikawa kimea. Unga hupikwa uji, hupozwa, hutiwa kimea, husubiriwa. Ukiharakisha, imeharibika. Ukichelewa, imechacha. Kuni zinataka kutafutwa, maji yanataka kutekwa, na pombe ya kienyeji haingoji mteja, maana baada ya siku mbili tatu si pombe tena. Pombe ya ndizi nayo ina kazi yake ya kuivisha ndizi shimoni, kukamua na kuchuja. Katika sehemu nyingi za Maziwa Makuu pombe ya ndizi ilikuwa kazi ya wanaume, na tembo lilikuwa na mgema wake, naye ni mwanamume apandaye mti. Lakini pombe ya nafaka ilikuwa mikononi mwa wanawake, na kilabu kilipozaliwa kilizaliwa mikononi mwao.

Tuje sasa kwenye hodi ya kwanza. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels, yakatia saini mkataba ambao, pamoja na mambo ya biashara ya utumwa, ulizuia kuingiza pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, ukaja mkataba mwingine wa Saint-Germain. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa mwaka 1922, hati ya udhamini iliwataka waudhibiti vikali uuzaji wa pombe kali. Nia ilitangazwa kuwa njema, na pengine kwa baadhi yao ilikuwa njema kweli. Lakini matokeo yake ni kwamba hadi katika miaka ya 1950 Mwafrika wa Tanganyika, hata awe mwalimu au karani, alikuwa haruhusiwi kujinunulia pombe kali kama Mzungu. Aliachiwa pombe ya kienyeji. Na pombe ya kienyeji nayo ikawekewa uzio.

Uzio huo ulikuwa kilabu. Sheria za miaka ya 1920 na zilizofuata ziliagiza kwamba katika miji pombe isiuzwe ovyo majumbani, bali mahali palipoidhinishwa, kwa saa zilizowekwa na kwa malipo. Ilisemwa ni kwa ajili ya amani na afya. Lakini tuliangalie pia sanduku la fedha. Baada ya sheria ya mwaka 1926 iliyoimarisha utawala wa wenyeji chini ya Gavana Donald Cameron, kila utawala wa wenyeji ulihitaji hazina, na ada za pombe zilikuwa miongoni mwa njia rahisi za kuijaza. Mama alipika kwa kuni zake na mtama wake, akalipia kibali cha kupika, akalipia mahali pa kuuzia. Alipopika nyumbani bila kibali aliitwa mhalifu.

Mtindo huo haukubuniwa kwetu. Durban, Afrika Kusini, ilikuwa imekwisha kuonyesha njia. Kwa sheria ya mwaka 1908 mji ule ulijipa ukiritimba wa kupika na kuuza pombe ya Waafrika, na faida yake ikalipia gharama za kuwatawala Waafrika hao hao: mabweni yao, ofisi zao na polisi wao. Mtu alinunua kopo, na kwa kopo lile akamlipa askari wa kumkamata mke wake aliyepika nyumbani. Watawala wa Nairobi waliupenda mpango huo, wakaanzisha kilabu cha manispaa Pumwani katika miaka ya 1920. Lakini huko Durban kwenyewe, mwezi Juni mwaka 1959, wanawake wa Cato Manor walivamia vilabu vya manispaa kwa fimbo, wakawatoa wanaume nje na kuimwaga pombe. Wasiojua walisema ni wanawake waliochukia ulevi. Waliojua walisema ni wapika pombe waliochoka kunyang'anywa riziki.

Ajabu ni kwamba Waingereza waliwahi kujifanyia hata wao wenyewe jambo linalofanana na hilo, ila kwa moyo mwingine kabisa. Mwaka 1916, katikati ya vita, wafanyakazi wa kiwanda kikubwa cha baruti huko Gretna walikuwa wakijaa Carlisle kulewa. Serikali ikazitwaa karibu baa zote za eneo lile, za mjini na za mashambani, ikaziendesha yenyewe. Meneja wa baa akawa mtumishi wa mshahara. Hakupata ziada kwa kuuza bia nyingi. Alipata ziada kwa kuuza chakula na vinywaji visivyolevya. Mpango huo ulidumu hadi mwaka 1973, serikali ilipoziuza baa hizo. Linganisha basi, msikilizaji. Carlisle serikali ilichukua baa ili mnywaji anywe kidogo. Durban manispaa ilichukua kilabu, na kadiri mnywaji alivyokunywa zaidi ndivyo hazina ilivyonenepa. Wote waliitwa wasimamizi. Kumbe swali si nani anasimamia tu, bali anasimamia kwa faida ya nani.

Turudi Kigoma. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika ziwani mwezi Februari mwaka 1914. Kigoma, yenye ghuba nzuri ya meli, ikaipita Ujiji iliyoitangulia kwa umaarufu. Reli ilileta bidhaa, na iliondoa watu. Kwa miaka mingi mkoa huu uliachwa uwe ghala la vibarua, na maelfu ya vijana wa Buha walipanda treni kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Mwanamume akiondoka, jiko halikuondoka. Watoto walitaka chumvi, nguo na baadaye ada ya shule. Mama asiye na kahawa wala pamba ya kuuza alikuwa na nini? Alikuwa na mtama, mikono miwili na elimu aliyorithi kwa mama yake. Ni wangapi leo katika ofisi zetu, tena wenye tai shingoni, waliosomeshwa kwa pombe, na wanaona haya kulisema?

Uhuru ulipokaribia, wanawake hao hawakuwa watazamaji. Jijini Dar es Salaam, miongoni mwa waliojiunga mapema na TANU walikuwamo wapika pombe na wanawake wa vikundi vya ngoma, watu waliokuwa na mtandao wao, fedha zao kidogo, na ujasiri wa kuongea na wanaume. Bendera ikapandishwa. Je, kilabu kikarudi mikononi mwao? Kwa sehemu tu. Mwaka 1966 ilitungwa sheria ya kudhibiti utengenezaji wa moshi, ile tunayoiita gongo, na mwaka 1968 sheria ya vileo iliyoweka utaratibu wa leseni. Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kukumbwa na operesheni ya kuhamishia watu vijijini, mwaka 1972, na sheria ya mwaka 1975 ikavipa vijiji hadhi ya kisheria. Kijiji kipya kilihitaji mradi wa kukiingizia fedha. Na mradi upi ulikuwa rahisi kuliko kilabu? Sehemu nyingi kilabu kikawa cha kijiji, au cha kikundi cha akina mama chini ya chama. Palipokuwa na viongozi waaminifu, faida ilijenga darasa na zahanati. Palipokuwa na wengine, faida ilinywewa na kamati.

Wakati huo huo mshindani mwingine alikuwa akikua, naye ni chupa. Kiwanda cha bia kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933, kikaunganishwa na wenzao wa Kenya, kikaingia mikononi mwa taifa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na mwaka 1993 serikali ikaingia ubia na kampuni ya bia ya Afrika Kusini. Bia ilikuwa na sifa ya ukubwa: aliyeshika chupa alionekana mtu wa kazi, aliyeshika kopo alionekana mtu wa shamba. Baadaye vikaja viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali vilivyoingia mfukoni mwa mwanafunzi na dereva, hadi vikapigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi mwaka 2017. Mwenye mtaji alipokitwaa kilabu cha zamani, mara nyingi jambo lake la kwanza lilikuwa kuweka jokofu na spika, na la pili kuwaambia akina mama wenye mapipa watafute mahali pengine. Aliita maendeleo. Mwenye pipa aliita kufukuzwa.

Sasa tumrudie kijana wetu wa Kibirizi. Tumeona kwamba kilabu kimepita mikononi mwa soko la misafara, mwa hazina ya mkoloni, mwa kijiji, mwa mwenye mtaji. Kila aliyekipokea alihesabu makopo. Wachache walihesabu watu. Nami namshauri aanze na watu.

Kwanza awahesabu wapikaji. Kilabu cha pombe ya kienyeji si mtu mmoja. Ni akina mama wanne, watano, wanaopokezana siku, kila mmoja na mkono wake, na wanywaji wanajua kabisa leo ni zamu ya nani. Shangazi hakuwa anawamiliki, alikuwa anawapangia zamu na kuwasuluhisha. Akiwapoteza hao, amebaki na mabenchi. Tena asiwapandishie ada ya mahali ghafla kwa kuwa yeye ni mgeni na ana haraka. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini nadhani mgema akikamuliwa kupita kiasi naye hulitia maji.

Pili asome mwezi. Wavuvi wa dagaa wa ziwa lile huvua usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika, kwa kuwa taa hazina nguvu mbele ya mbalamwezi. Fedha ya mwambao hupwa na kujaa pamoja na mwezi. Aidha siku hizi kuna jambo jipya: mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu bila dagaa ni miezi mitatu bila mnywaji mwenye fedha taslimu. Anayepokea kilabu ufukweni bila kuweka akiba ya miezi hiyo amejenga juu ya mchanga.

Tatu aombe daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Shangazi ana daftari, hata kama ameliandika kichwani: nani anadaiwa, nani hulipa dagaa wakipatikana, nani asipewe mkopo kwa sababu mke wake alikuja kulia. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mwenye kilabu wa zamani alijua kumwambia mtu, "Baba Fulani, leo yatosha, nenda nyumbani," naye akaenda, kwa kuwa aliyesema alikuwa na umri wa mama yake. Kijana hana umri huo. Itambidi aupate kwa njia nyingine, kwa haki na kwa msimamo. Na leseni asidhani imo ndani ya urithi pamoja na mabenchi. Aende kwa wahusika wa halmashauri aiombe kwa jina lake, maana biashara ya pombe isiyo na karatasi ni chakula cha kila mwenye kofia.

Nne atazame maji na choo. Mwaka 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipofurika Kagunga, kipindupindu kilizuka na kufika hadi Kigoma. Ugonjwa huo ukiingia, vilabu huwa vya kwanza kufungwa, na si kwa uonevu: kopo moja linalopita midomo kumi bila kuoshwa ni barabara ya ugonjwa. Asiyejenga choo kwa kupenda ataambiwa ajenge baada ya mazishi.

Na tano awaheshimu wasiokunywa. Ujiji ni mji wa Kiislamu wa siku nyingi, na mwambao mzima una misikiti na makanisa. Kilabu kilichodumu hapo kilidumu kwa sababu mwenyewe alijua saa ya kuzima ngoma na upande wa kuelekeza mlango. Huo nao ni urithi, ijapokuwa hauna bei.

Nimalizie na kisa ambacho watu wa Kigoma wanakijua. Mwaka 1915 Wajerumani waliishusha ziwani hapo meli yao, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa katika makasha. Mwezi Julai mwaka 1916, Wabelgiji wakiwa karibu kuuteka mji, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi kwa uangalifu. Walidhani pengine watarudi. Hawakurudi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado mizima, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Vizazi vya wasafiri wa ziwa lile vimepanda meli ile, na miongoni mwao ni wakimbizi wale wa Kagunga mwaka 2015, kwa sababu mafundi walioshindwa vita walikumbuka kupaka grisi kitu walichokuwa wanakiacha.

Anayeondoka ana wajibu wake, na anayeingia ana wajibu wake. Shangazi asikabidhi mabenchi akanyamaza. Akae na kijana miezi kadhaa, amtajie wapikaji, wadeni, siku za mwezi na watu wa kuambiwa "yatosha". Hiyo ndiyo grisi. Na kijana naye, kabla hajanunua spika, akae chini ya mwembe asikilize.

Serikali nyingi zimekipokea kilabu zikiuliza kitawapa nini. Ningefurahi kumsikia mtu mmoja, hata kama ni mmoja tu kule Kibirizi, akikipokea huku akimuuliza mama aliyeinama juu ya pipa: "Na wewe, mama, unabaki na nini?"